Sura ya Tisa: Mlango Kabla ya Moto

Bi Kalenda aliingizwa ofisini kwake akiwa na pingu mikononi, na jambo la kwanza alilofanya ni kunyoosha kadi iliyokaa upande ukutani.

"Usiguse kitu," Koplo alimwambia.

"Imepinda. Imepinda siku tatu sasa, na ninyi mnaingia na kutoka hapa hamwoni."

Inspekta alimwachia aimalize. Ilikuwa saa nne na robo asubuhi. Saa nane mchana mwanamke huyu alitakiwa mahakamani kusomewa shtaka la kumuua shemeji yake, na kwenye mkoba wa Inspekta kulikuwa na karatasi iliyokamilika kila kitu isipokuwa saini moja, ya Inspekta mwenyewe. Mkuu wa kituo alishamwambia asichelewe. Ushahidi upo, sauti ya marehemu ipo, sasa anatafuta nini tena? Inspekta alijibu kwamba anataka tu kumrudisha mshtakiwa eneo la tukio, kwa saa moja. Mkuu alimpa kwa shingo upande.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja ghorofa ya tatu, dirisha likitazama barabara. Ukuta mzima wa kushoto, kuanzia mlangoni hadi dirishani, ulijaa kadi. Kila kadi ilikuwa na mwaka, tukio, na pini. Huu ndio uliokuwa ulimwengu wa *Njia ya Kimondo*, mchezo wa redio uliosikika kila Jumamosi kwa miaka kumi na sita: meli moja, watu elfu tatu ndani yake, safari ya miaka mia nne kwenda kwenye jua jingine. Waandishi walitunga. Bi Kalenda alitunza miaka. Ukitaka kuhamisha hata kikohozi cha mhusika kutoka mwaka mmoja kwenda mwingine, unapanda ngazi mwenyewe, unasimama mbele yake, unatia saini nyuma ya kadi.

Mwandishi mkuu, mume wa mdogo wake Bi Kalenda, alipanda ngazi hizo siku tatu zilizopita saa tatu asubuhi. Wakagombana, jengo zima likasikia. Saa tano na nusu alikutwa chini ya ngazi za nyuma, shingo imevunjika. Aliyemkuta ni Bi Kalenda. Na saa tano na dakika kumi, simu ya mke wake ilikuwa imeingia ujumbe wa sauti kutoka kwenye simu ya marehemu.

"Hujausikia huu," Inspekta alisema, akaitoa simu yake, yenye nakala ya ujumbe. "Leo utausikia."

Chini ya dirisha fundi wa mageti alikuwa anakata chuma, na mashine yake ilipiga kelele kiasi kwamba Inspekta alilazimika kuongeza sauti hadi mwisho na kumsogezea Bi Kalenda simu sikioni.

*Mama watoto, usiningoje kula. Niko huku ofisini na dada yako, leo amewaka kweli. Anataka nibadilishe kila kitu. Nimemwambia sibadilishi: mlango wa saba ulifungwa, bustani ikaungua, Daktari akajifungua, basi, ndivyo ilivyo. Anasema nitaona. Anatetemeka mwili mzima, mke wangu. Sijawahi kumwona hivi.*

Bi Kalenda alisikiliza kichwa kimeinama. Machozi yalimtoka bila kwikwi, akayafuta kwa mkono mmoja na wa pili ukafuata kwa sababu ya pingu.

"Ni sauti yake," alisema. Kisha akakunja uso. "Lakini kakosea."

"Kakosea nini?"

"Mpangilio. Daktari alijifungua mwaka wa mia mbili na kumi na moja. Bustani iliungua kumi na mbili. Mlango wa saba ulifungwa kumi na nne. Yeye kaanza na mlango." Aliinua mikono yote miwili akaonyesha kadi tatu ukutani, moja baada ya nyingine.

Inspekta aliwahi kuona washtakiwa wakilia, wakiapa, wakizimia. Huyu alikuwa anasahihisha.

"Samahani, mama," Koplo alidakia. Alikuwa mtu mzima mwenye mabega ya kubebea magunia, na hakuwahi kukosa Jumamosi hata moja. "Bustani ndiyo ya kwanza. Iliungua sehemu ya kwanza kabisa, nakumbuka nilikuwa napiga pasi nikaunguza suruali. Ndipo wiki iliyofuata Daktari akajifungua."

"Ulisikia kumbukumbu, mwanangu. Daktari alikuwa ameketi kwenye majivu anakumbuka alivyojifungua mwaka mmoja kabla. Hewani bustani ilitangulia. Kwenye meli, mtoto alitangulia."

"Na mlango?"

"Wa mwisho, kote kote."

Kuvunjiwa heshima na mahabusu ni jambo moja, lakini kuvunjiwa kuhusu *Njia ya Kimondo* kulimuuma Koplo.

Inspekta alitoa daftari lake akachora mistari miwili. Wa kwanza: mtoto, moto, mlango. Huo wa ukutani. Wa pili: moto, mtoto, mlango. Huo wa redioni. Chini yake akachora wa tatu: mlango, moto, mtoto. Huo wa marehemu, na haukufanana na wowote.

"Shemeji yako alizoea mpangilio upi?"

"Huu hapa." Bi Kalenda aliugusa ukuta. "Redio hakuwa anasikiliza, anasema wanamharibia. Studio kule chini hakanyagi. Alikuwa anakuja hapa, anasoma ukuta, anaandika, anaondoka. Hata usingizini angekwambia mtoto kwanza."

"Asubuhi ile mligombania nini?"

"Nimeshasema mara nne."

"Sema ya tano."

Bi Kalenda alivuta pumzi. "Alileta kadi mpya. Nahodha anakufa mwaka wa mia mbili na kumi na tano. Nikamwambia haiwezekani! Mwaka wa mia mbili na thelathini tumeshamsikia Nahodha, mzee, ana fimbo, anaongea na wajukuu. Unamuuaje mtu ambaye watu wameshamsikia akizeeka? Akasema ataifuta ile ya thelathini. Nikamwambia juu ya maiti yangu. Nilipiga kelele, ndiyo. Ninyi mkaandika kwamba niligombana na marehemu kuhusu mauaji."

Koplo alikohoa, kwa kuwa aliyeandika ni yeye.

"Nani mwingine aliijua hiyo kadi?"

"Hakuna. Ila mlango ulikuwa wazi, kulikuwa na joto."

Inspekta alikwenda dirishani. Alilifunga. Kelele za fundi zikapungua kidogo tu, kioo kikaendelea kutetemeka kwenye fremu. Aliuweka tena ule ujumbe, safari hii simu ikiwa imebanwa sikioni mwake na sikio la pili limezibwa kwa kidole. Akausikiliza mwanzo hadi mwisho.

"Koplo. Nenda chini ukamuulize yule fundi kama siku ile alifanya kazi, na saa ngapi hadi saa ngapi."

Koplo alirudi akihema. "Alikuwa na geti la zahanati, Afande. Alianza saa mbili, akapumzika saa sita kamili. Wenye zahanati walikuwa wamemsimamia, hakuacha hata dakika kumi."

"Basi sikiliza." Alimpa simu. "Marehemu anasema yuko huku ofisini, saa tano na dakika kumi. Geti liko wapi?"

Koplo alisikiliza. Macho yakamtoka. Ndani ya ule ujumbe hakukuwa na geti wala gari, hata upepo. Kulikuwa na mtu anaongea, na nyuma yake kimya.

"Hakuongelea hapa," Inspekta alisema. "Bi Kalenda, kwenye jengo hili ni wapi pasipoingia sauti ya nje?"

"Studio. Chini."

"Una ufunguo?"

"Mimi? Mimi nafanya kazi na karatasi."

*

Studio ilikuwa chumba kidogo ghorofa ya chini, kuta zimebandikwa sponji nyeusi, mlango mzito kama wa jokofu la mochwari. Inspekta aliufunga na fundi wa mageti akatoweka duniani. Aliuweka ujumbe. Sauti ya marehemu ilisikika kana kwamba mtu amesimama kati yao, na Koplo akageuka kutazama nyuma bila kutaka.

Funguo za chumba hicho zilikuwa tatu. Mmoja wa Mtayarishaji, mama mwenye miwani iliyokaa kichwani muda mwingi kuliko machoni. Wa pili wa fundi sauti, kijana mpole aliyeajiriwa miezi minane iliyopita. Wa tatu wa mwigizaji wa Nahodha, aliyepewa kwa heshima ya miaka yake kwa sababu hupenda kufanya mazoezi peke yake. Siku ile saa tano wote watatu walikuwa ndani ya jengo, na wote watatu walikuwa peke yao.

Inspekta aliwaita mmoja mmoja akawauliza swali ambalo Mtayarishaji alidhani ni utani.

"Unanitania, Afande. Mwenzetu amekufa, wewe unataka hadithi?"

"Mwaka wa bustani. Nini kilifuata nini?"

Mama yule aliguna. "Bustani inaungua. Kisha Daktari anajifungua. Kisha mlango wa saba. Nilipanga mwenyewe ratiba ya kurusha, siwezi kusahau."

Fundi sauti alijibu vivyo hivyo, neno kwa neno karibu. Wakati ule alikuwa bado hajaajiriwa, aliusikia mchezo nyumbani kwao kama watu wengine.

Inspekta alimrudia Mtayarishaji. "Mlirekodi kwa mpangilio huo huo?"

"Nani anarekodi kwa mpangilio? Tunarekodi kwa kinachopatikana." Alishusha daftari la mahudhurio kutoka rafu ya juu, akalipuliza vumbi, na hatimaye akavaa miwani. "Ule msimu mimi nilikuwa likizo ya uzazi, alisimamia fundi wa zamani. Haya. Jumatatu, mlango wa saba. Ndiyo, kwa sababu tuliazima mlango wa chuma kwenye jengo linalobomolewa, walitupa siku moja tu. Jumatano, moto. Wiki iliyofuata, Daktari kujifungua. Ilichelewa maana dada anayeigiza Daktari alikauka koo, hakutoa sauti siku tisa."

"Mlango, moto, mtoto," Inspekta alisema.

"Ndivyo."

"Waliokuwepo siku zote tatu?"

Kidole cha Mtayarishaji kiliteremka kwenye ukurasa. "Siku ya mlango yule dada anayeigiza Daktari hayupo, anaumwa. Fundi wa zamani yupo siku zote, lakini alishahamia ng'ambo, mwaka wa pili huu. Na..."

Kidole kilisimama. Mama yule aliivua miwani polepole na safari hii hakuirudisha kichwani.

"Hapana," alisema. "Afande, hapana. Yule ni baba yetu hapa."

*

Nahodha, kama kila mtu alivyomwita yule mwigizaji, alikuwa kwenye chumba cha kupumzikia, anakunywa maji ya moto yenye tangawizi kwa ajili ya koo. Alikuwa na miaka sitini na kitu, shati lililonyooka, na sauti iliyofanya hata salamu ya kawaida isikike kama tangazo la taifa.

"Karibu, binti yangu. Koplo, karibu. Msiba umetuvunja mgongo."

"Poleni sana. Nina swali moja tu, mzee. Mwenzangu huyu na mimi tumebishana. Mwaka wa bustani, nini kilifuata nini?"

Mzee alitabasamu. Watu walikuwa wanamsimamisha barabarani kumuuliza maswali ya aina hii, na aliyapenda.

"Mlango wa saba ulifungwa. Nikabaki nje na watu arobaini, nikaupiga ngumi mpaka mkono ukavimba, mlango wenyewe ulikuwa chuma kweli. Kisha moto, bustani yote. Halafu Daktari akajifungua." Alishusha kikombe. "Siku ile nililia machozi ya kweli, si ya kuigiza."

Koplo alimtazama Inspekta. Inspekta hakumtazama Koplo.

"Huwa unajisikiliza redioni?"

"Sijawahi. Nikisikia sauti yangu nachefuka."

"Na hati, unasoma yote?"

"Nasoma kurasa zangu. Zinanitosha."

Inspekta aliiweka simu mezani, akaubonyeza ujumbe. Nahodha aliusikiliza akiwa anakitazama kikombe. Ulipokwisha, hakuuliza ni nini wala umetoka wapi.

"Maskini," alisema.

"Amesimulia kama wewe."

"Amesimulia ilivyokuwa."

"Haikuwa hivyo, mzee. Kwenye meli mtoto ni wa kwanza. Redioni moto ni wa kwanza. Mlango ni wa kwanza mahali pamoja tu, kwenye chumba chenye sponji, Jumatatu moja ambayo marehemu hakuwepo." Alisubiri kidogo. "Na ujumbe huu ulirekodiwa ndani ya chumba hicho, na yeye hakuwa na ufunguo. Ufunguo wako uko wapi?"

"Binti, mtu yeyote anaweza kuchanganya..."

"Wenzako wawili wenye funguo nimewauliza. Hawakuchanganya. Koplo, pokea ufunguo."

Koplo alinyoosha kiganja. Nahodha aliutoa ufunguo mfukoni, ukaanguka sakafuni kabla haujafika.

"Ungeweza kumwigiza na kurekodi popote," Inspekta alisema. "Chooni. Kwenye gari. Kwa nini ukashuka studio?"

"Kulikuwa na kelele," Nahodha alijibu. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo, ya mzee wa kawaida. "Siwezi kufanya kazi kwenye kelele."

"Ulisikia nini asubuhi ile pale mlangoni?"

"Nilisikia kwamba nakufa. Mwaka wa mia mbili na kumi na tano. Miaka kumi na sita nimeibeba ile meli mgongoni, Afande, nasikia kwenye korido kwamba nakufa! Nikamvizia kwenye ngazi za nyuma, nikamwomba. Nikamwomba kwa magoti. Akanicheka, akasema mzee nenda kapumzike. Nilimsukuma ili anipishe, sikutaka zaidi ya hapo. Alipofika chini alikuwa ameshakata roho."

"Ukachukua simu yake, ukaifungua kwa kidole chake."

Nahodha alikubali kwa kichwa.

"Na kwa nini Bi Kalenda?"

"Alikuwa anapiga kelele kule juu. Watu walishamsikia. Ilikuwa... ilikuwa rahisi."

Inspekta aliinama, akakaribiana naye uso kwa uso. Hakuwa mtu wa hasira, lakini sasa alikuwa nayo. "Unajua alikuwa anapigia kelele nini? Wewe. Marehemu anataka kukuua, yeye anakataa. Alimwambia juu ya maiti yangu. Katika jengo zima hili, mtu mmoja tu alikuwa anakupigania uishi, na ndiye uliyemtafutia kitanzi."

Nahodha alifunika uso kwa mikono. Koplo, ambaye Jumamosi zote hizo alikuwa amempenda mtu huyu kuliko wajomba zake, alimfunga pingu.

*

Saa saba na dakika arobaini mjane alikuwa ameketi kwenye benchi la kituo, kanga imemfunika hadi puani. Alikuja kuhakikisha dada yake anapelekwa mahakamani. Inspekta aliketi pembeni yake na kumweleza yote, taratibu, hatua kwa hatua. Inspekta alipofika kwenye ile sauti, mjane akamshika mkono.

"Siyo yake?"

"Siyo yake."

"Afande, mimi nimelala naye miaka kumi na minne."

"Najua. Yule mzee kazi yake ni sauti."

"Alikuwa anamwigiza pale nyumbani kwangu, sebuleni," mjane alisema polepole. "Kwenye sherehe. Tunacheka mpaka tunashika mbavu. Mume wangu mwenyewe anacheka." Aliitoa simu kwenye mkoba, akaishika kwa ncha za vidole. "Usiku naiweka sikioni ili nipate usingizi. Siku tatu, Afande. Nimelala na yule mtu sikioni."

Inspekta alimwacha mwanamke alie hadi mwisho.

"Sasa neno lake la mwisho kwangu ni lipi?" mjane aliuliza baadaye. Akafikiri. "Aliniuliza pasi iko wapi. Nikamwambia itafute."

Mlango wa korido ulifunguliwa. Bi Kalenda alitoka na askari nyuma yake, mikono mitupu, akisugua vifundo vya mikono vilivyobaki na alama. Alimwona mdogo wake akasimama. Hakuna aliyemsogelea mwenzake.

Mjane alishusha kanga usoni. "Dada. Nimewaambia watoto."

"Umewaambia nini?"

"Kwamba Mama Mkubwa ndiye aliyemuua baba."

Bi Kalenda alipepesa macho. Kwa siku tatu za mahabusu hakuwa ameonekana mzee, lakini sasa alionekana. Alitafuta ukuta kwa kiganja, akajiegemeza.

"Wanatoka shule saa ngapi?"

"Saa tisa."

"Twende tukawasubiri getini."

"Wakikuona watakimbia, dada."

"Watakimbia," Bi Kalenda alikubali, akamnyooshea mkono amwinue. "Twende."